Namba ya Kichwa cha Mume Wangu

Jumatatu, tarehe tisa mwezi wa pili mwaka huu, saa nne asubuhi, nilimpoteza mume wangu Shabani. Figo. Aliugua miezi saba, kwa hiyo waliokuja kunipa pole walisema amepumzika, na mimi nikaitikia kwamba amepumzika. Siku ya tatu sebule ilikuwa imejaa kina mama, mikeka imetandikwa mpaka mlangoni, akaingia mwanamke mrefu aliyevaa kitenge cha zambarau na msalaba mdogo shingoni. Hakukaa pembeni alipooneshwa. Aliwapita watu, akaja kukaa mbele yangu hasa, magoti yake karibu yaguse yangu, akanishika mikono yote miwili na kunitazama usoni. Kisha akasema kwa sauti kubwa, nzito, kama inayotoka ndani ya mtungi, "Pole, Mama Salma. Shabani alikuwa anaongea vizuri." Kina mama walitazamana. Marehemu husifiwa kwa swala zake, kwa ukarimu wake, kwa kutogombana na majirani. Na Shabani kila mtu alimjua kuwa ni mkimya. Mimi nilijua alichokuwa anasema mgeni yule. Nami, mjane wa siku tatu, kitambaa cha machozi bado kimelowa mkononi, nilihisi wivu. Ulikuwa wivu ule ule wa miaka kumi na mitatu iliyopita, haukupungua hata chembe. Sasa niko ndani ya eda, siendi popote, na kwa kuwa siku ni ndefu nimeamua kuuandika mwaka ule. Niliishia darasa la saba, anayenisoma anisamehe.

Mwaka ule tulikaa Buguruni, vyumba viwili katika nyumba ya wapangaji sita wenye ua mmoja na bomba moja. Salma alikuwa ndiyo anajifunza kutembea kwa kushika ukuta. Chumba cha mbele kilikuwa sebule na ndicho kilikuwa ofisi yangu: kochi la watu wawili, meza ya plastiki, na chini ya dirisha kigoda changu na kapu la kofia. Nilishona kofia kwa mkono, zile za kutoboa tundu kwa sindano moja moja na kulizungushia uzi, kazi inayoweza kuchukua miezi miwili kwa kofia moja. Kofia ya mkono haishonwi kwa kukisia. Kila kichwa kina namba yake kwa inchi, na ukikosea robo inchi tu, kofia ama inapanda juu kama kifuniko cha birika ama inashuka mpaka kwenye masikio. Bibi aliyenifundisha kazi alikuwa akituambia kwamba namba ya kichwa cha mwanamume anaijua mama yake, halafu mkewe, basi. Ya Shabani ilikuwa ishirini na mbili na nusu. Niliipima siku tulipochumbiana, mbele ya shangazi zake, nikamshonea kofia ya harusi, ikamkaa bila kunyooshwa. Naandika haya ili ieleweke kwamba kichwa cha Shabani nilikihesabu kuwa mali yangu. Mengine yake ningeweza kugawana na mama yake na rafiki zake, lakini si kichwa.

Shabani alikuwa bodaboda, kijiwe chake kiko Kipawa, karibu na uwanja wa ndege. Helmeti aliyokuwa nayo ilikuwa bakuli tu, nusu, imepasuka pembeni, mkanda wake wa kidevuni ameufunga kwa kamba ya kiatu. Siku moja mchana, nimepakua ugali na dagaa wa kukaanga, nikasikia pikipiki inazimwa nje, akaingia uani mtu aliyefunikwa kichwa chote, cheusi kinang'aa. Salma alilia. Mtu yule akabonyeza kitufe chekundu chini ya kidevu, na kidevu chote cha helmeti kikanyanyuka pamoja na kioo, kikaenda kukaa juu ya paji la uso, na ndani yake ulikuwa uso wa Shabani unacheka. Alichota maji kwenye ndoo akanywa kikombe kizima bila kuivua.

Jirani yetu Mama Zuhura alikuwa anafua. "Makubwa," alisema. "Shemeji kutwa uko pale uwanja wa ndege, mwisho umekuwa rubani."

"Helmeti tu hiyo, shemeji," Shabani alisema.

"Hiyo tu? Ya mwanzo ilikuwa helmeti tu. Hiyo ni nyumba."

Nilimuuliza ameitoa wapi. Alisema ameipata Temeke, bei poa, mtu alikuwa na shida. Alisema huku anavua viatu, hakunitazama. Nilisogea nikaishika kabla hajaivua. Nilijaribu kupenyeza kidole kati ya sponji na shavu lake, hakikupita. Nikakamata kidevu cha helmeti nikakitikisa, na kichwa chake kikaenda na helmeti pamoja, hakuna iliyomwacha mwenzake. Ilimkaa kama kofia iliyokwisha kufuliwa mara tatu ikamzoea mwenyewe. Kitu cha kununua kwa mtu mwenye shida hakikai hivyo. Kitu cha bahati nasibu hakikai hivyo. Kuna mtu alikuwa amekijali kichwa kile, amekijaribishia, amerudisha moja na kuomba nyingine, na mtu huyo hakuwa mimi.

Alipokwenda kunawa, Mama Zuhura aliniambia polepole, huku anakamua shuka, "Mwanamume akijinunulia mwenyewe hununua kikubwa akasema kitamtosha. Huyo kanunuliwa." Angeweza kuyameza maneno yale. Lakini simlaumu, kwa sababu mie nilikuwa nimekwisha kuyasema moyoni kabla yake.

Shabani alipolala baada ya chakula niliichukua helmeti nikaigeuza. Ndani, kwenye kitambaa kidogo cheupe, kulikuwa kumeandikwa herufi moja, L, na chini yake 59-60. Nilichukua futi yangu ya kamba. Upande mmoja ina inchi na upande wa pili sentimita. Nikatafuta ishirini na mbili na nusu, nikageuza. Hamsini na saba. Nilikaa kwenye kigoda changu nikacheka peke yangu. Huyo mwanamke, awaye yote, alikuwa hajui kichwa cha mume wangu. Alikuwa amekizidisha sentimita mbili nzima. Macho yangu yalikuwa yameona imemkaa sawasawa, kidole changu kilikuwa kimeshindwa kupita, lakini futi ilisema alikosea, nami nikaiamini futi, kwa sababu futi ilikuwa upande wangu.

Kesho yake nilimbeba Salma mgongoni nikaenda Temeke. Nilizunguka kila duka la vipuri na kila meza ya helmeti za mtumba. Za nusu zilikuwa tele, za kuziba uso zilikuwepo, lakini ya kunyanyuka kidevu hakuna muuzaji hata mmoja aliyekuwa nayo. "Hizo za kufunua, sista, huku haziji," mzee mmoja aliniambia. "Wateja wetu wanataka ya kumridhisha trafiki tu." Nilirudi jua limechwa nikampakulia Shabani wali na mchuzi wa nazi, nikamwacha ale mpaka nusu ya sahani ndipo nikasema nimetoka Temeke.

Aliweka kijiko chini. Shabani hakujua kudanganya mara ya pili. "Kaninunulia abiria," alisema. "Yule wa kila asubuhi, namtoa Kipawa nampeleka Msasani. Dada mmoja anaitwa Veronika, yuko kwenye duka la vinyago."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningekwambia mwanamke kaninunulia helmeti, ungelala?"

"Nisingelala."

"Haya. Sasa nisikilize, Mama Salma. Yule dada ana shida ya..."

"Shida zake nazijua," nilimkata. "Kesho umrudishie kitu chake. Na umwambie atafute bodaboda mwingine."

Alichukua kijiko akaendelea kula. Mara mbili tena wiki ile alianza, "Lakini yule dada," na mara mbili zote nilimnyamazisha. Nimefikiri sana juu ya hilo katika siku hizi za ukimya. Watu wanasema Shabani alikuwa mkimya. Baadhi ya ukimya ule niliutengeneza mimi.

Aliirudisha. Akalivaa tena lile bakuli lenye kamba ya kiatu, na asubuhi nilipomwona anatoka nalo niliona haya. Ndipo nikaamua kumtafutia nyingine, ya kufunua kama ile, nzuri kuliko ile, na ya kichwa chake hasa. Sikutaka usalama wake, naomba niwe mkweli. Nilitaka mwanamke wa Msasani aione. Nilikuwa na kofia mbili zilizokwisha. Moja niliiuza msikitini kwa mtu aliyekuwa anamuozesha mtoto wake, ya pili niliifunga kwenye mfuko nikaenda nayo.

Nilitafuta karibu mwezi. Kuna iliyokuwa nzuri lakini bei yake ningeshona mwaka mzima. Kuna iliyokuwa rahisi lakini kidevu kikifungwa hakishiki, ukipiga chafya kinafunguka. Kuna moja kitasa chake kilikuwa cha plastiki nyembamba kama kijiko cha aiskrimu, muuzaji akanihakikishia ni chuma. Nilijifunza kuzifungua na kuzifunga kwa mkono mmoja, kusikiliza mlio wake, kunusa sponji kama ni ya zamani. Mwisho nilikwenda kuipata karibu na kwetu, Buguruni, kwenye kibanda cha mwanamume mmoja wa makamo aliyeitwa Nassoro. Ilikuwa nyeusi yenye mstari mwekundu. Kitasa kilikuwa cha chuma, kinalia *ta*, kavu, hakuna kucheza. Bei yake nilikuwa naifikia kasoro kidogo.

"Mwenye kichwa yuko wapi?" Nassoro aliniuliza.

"Kichwa ninacho," nilisema, nikamwonesha futi. "Nataka hamsini na saba."

"Sista, helmeti haiagizwi kama chipsi. Mlete mwenyewe avae, tumtikise, tuone."

"Braza, mie nashona kofia. Kofia zangu haijarudi hata moja. Wewe ni ishirini na tatu."

Alicheka. Akainama, nikampima pale pale juu ya kaunta, nikamwonesha. Ishirini na tatu kamili. Vijana wawili waliokuwa wanafunga tairi upande wa pili walishangilia, mmoja akaniomba na yeye nimtajie yake, nikamtajia, nikapatia. Nassoro alikuna kichwa ambacho sasa kilikuwa na namba. "Haya, mama wa vichwa," alisema. "M hiyo hapo. Hamsini na saba, hamsini na nane." Palipopungua nilimpa ile kofia ya pili. Alisema atampelekea baba mkwe wake. Nilitembea kurudi nyumbani nimebeba helmeti kwa mkono kama mtu aliyebeba keki, na kila niliyempita nilitamani aniulize.

Shabani aliivaa uani, watu wote wakiwa nje. Aliivuta kwa nguvu masikioni. Nikaona macho yake yanapepesa. "Vipi?" nikauliza. Alibonyeza kitufe, akanyanyua kidevu, akatabasamu. "Iko vizuri. Asante, mke wangu." Alikuwa hajaniita mke wangu mbele za watu tangu siku ya harusi. Usiku ule nilipika pilau, na ilikuwa Jumanne tu.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoona aibu kuliko zote. Baada ya wiki mbili Shabani alianza kuwa na alama kwenye paji la uso, katikati, nyekundu kwanza, halafu ikawa inakuwa nyeusi. Mama Zuhura ndiye aliyeiona. "Mwenzangu, mumeo ana sijda," aliniambia. "Yule mtu anaswali swala ambazo hata sisi hatuzijui." Sijda ni ile alama ya mtu anayesujudu sana, heshima kubwa kwetu. Na mimi nikaamini. Nilijiambia kwamba tangu nimtenge na mwanamke yule, mume wangu amerudi kwa Mola wake. Nilipokuwa nachota maji nilikuwa nalitaja jambo hilo juu juu, kama ninalolaumu. "Baba Salma siku hizi anazidisha, mpaka alama." Wanawake wakasema mashaallah. Wakati huo huo alikuwa hali vizuri, anarudi mchana analala na kitambaa cha maji usoni, anasema kichwa tu. Namchemshia tangawizi. Vitu viwili hivyo, alama na maumivu, nilikuwa navitazama kila siku katika uso mmoja, na sikuviunganisha.

Nilikuja kuviunganishiwa. Alasiri moja nilikuwa ndani natia uzi kwenye sindano, Shabani yuko barazani chini ya dirisha na mwenzake wa kijiweni, wanakunywa kahawa. Nikamsikia mwenzake anasema, "Mwanangu, hiyo helmeti inakuua. Umesimama mara tatu njiani unaivua, abiria anakutazama. Mrudishie mkeo akabadilishe."

"Haiwezekani."

"Kisa?"

"Kaifikia kwa kofia mbili, kila moja miezi miwili. Halafu," Shabani alisema, akanywa kahawa kwanza, "bora kichwa kiniume kuliko nyumba iwake."

Mwenzake alicheka. "Sijda yako hiyo ingekuwa ya msikitini ungeshakuwa sheikh."

Sindano ilibaki mkononi. Ningepaswa kutoka pale pale nimwombe radhi. Sikutoka. Wazo la kwanza lililonijia, naliandika kama lilivyokuja, lilikuwa hili: yule mwanamke alikipima vipi akapata? Nina futi, nina miaka kumi ya kazi, nina ndoa. Yeye ana nini?

Asubuhi iliyofuata nilimwachia Mama Zuhura mtoto nikaenda Msasani. Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya mbao na mafuta ya kung'arishia, vinyago vimepangwa ukutani mpaka darini, tembo, wazee, watu waliopandana mabegani. Juu ya kichwa kikubwa cha mbao, cha ukubwa wa mtu, ilikuwa imevalishwa ile helmeti nyeusi. Mwanamke mrefu alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi na kitambaa cha msasa, anasugua sikio la kinyago, amenipa mgongo. Nikatoa salamu. Hakujibu. Nikatoa tena. Hakugeuka. Nikasema moyoni, ananijua mimi ni nani, na amenidharau. Nikamzunguka nikasimama mbele yake, mtandio nimeuvuta mpaka puani kama tunavyofanya tukiwa na hasira mbele ya mtu tusiyemjua, na nikamtukana. Sitaliandika tusi lenyewe. Lilikuwa tusi kubwa, la kumtaja aliyemzaa, na nililisema taratibu, neno kwa neno.

Alinitazama kwa upole kabisa. Akasema kwa ile sauti ya mtungini, "Dada, samahani. Shusha mtandio. Sisikii. Nasoma mdomo."

Nilishusha mtandio. Akanikazia macho mdomoni. Mwisho nikasema, "Nimesema habari za asubuhi."

"Nzuri, dada. Karibu."

Hilo sijawahi kumwambia mtu, si Shabani, si yeye. Siku ya tatu ya msiba alipokaa mbele yangu na kunitazama mdomo, nilikuwa nalifikiria hilo.

Nilimwambia mimi ni mke wa Shabani. Alifurahi, akaniletea kiti, akamimina chai ya maziwa kutoka kwenye chupa na kunipa nusu ya andazi lake. Alinieleza mwenyewe, bila kuulizwa. Aliugua homa akiwa na miaka tisa, kwao Kusini, masikio yakaondoka nayo. Bodaboda wengi hawamfai. Mwenye bakuli yeye Veronika anaweza kumsoma mdomo, lakini anaogopa kupanda naye, kwa sababu ameona mmoja akianguka. Mwenye helmeti ya kuziba hawezi kumsoma, na akimgonga bega dereva anadhani anaambiwa aongeze mwendo. "Huyu wa sasa," alisema, "juzi kanipitiliza mpaka sijui wapi. Namgonga, anakwenda. Namgonga, anakwenda." Alicheka. Mimi sikucheka. Huyo wa sasa nilimleta mimi. Shabani, alisema, akifika anazima pikipiki, anageuka, anafunua, anasema polepole. Mvua inakuja, Vero. Barabara ya chini imefungwa, tupite juu. Mtoto wangu leo kapiga hatua nne. Kila siku jambo.

Ile ya hatua nne sikuijua. Nilikuwa sokoni siku hiyo. Nilijua kwamba Salma alitembea, lakini sikuambiwa kwamba zilikuwa nne. Kwangu Shabani alikuwa anaongea akiwa ameinamia viatu, akiwa bafuni, akiwa anatoka mlangoni, nusu ya sentensi inabaki nje. Kwa mwanamke huyu alikuwa anageuka. Nilikuwa nimekuja nikiogopa mambo ya kitandani, na nikakuta kitu ambacho sikuwa na jina la kukiitia. Kila asubuhi mwanamke alitazama midomo ya mume wangu kwa makini kuliko nilivyowahi kuitazama mimi, kwa sababu asingeitazama asingefika kazini. Ningemchukia kwa lipi? Nilijaribu, na niliendelea kujaribu, hata chai yake ikiwa tumboni mwangu.

"Ulimpimaje kichwa?" nikamuuliza.

"Sikupima. Tulikwenda maduka kumi na moja. Kila duka anavaa, namwambia fungua mdomo, funga mdomo, tikisa. Inayomsugua hapana. Inayocheza hapana."

Maduka kumi na moja. Nikatoa futi yangu. Nikamwambia kichwa chake ni hamsini na saba, nimekipima mwenyewe, kofia zake zote zinamkaa. Akaichukua futi mkononi mwangu, akakivua helmeti kile kichwa cha mbao, akakizungushia futi pale ninapopima mimi, juu, kofia inapokaa. Akanionesha namba. Kisha akaishusha futi mpaka juu kidogo ya nyusi, nyuma akaipitisha pale kichwa kinapotokeza zaidi, akanionesha tena. Ziliachana upana wa kidole. Akanirudishia futi. Fundi gani asiyejua kwamba chungu kina mdomo na kina tumbo? Miaka kumi nilikuwa napima mdomo tu.

Nilimwomba helmeti ile abaki nayo. Aliniambia niichukue, ni ya Shabani. Nikasema hapana, na nilisema kwa uso mzuri, lakini sababu ilikuwa ile ile. Ningeweza kuibeba siku hiyo hiyo, mume wangu akapona kichwa jioni ile. Sikuweza. Nilitaka kimponye kitu changu.

Siku tatu nyingine aliumia kwa ajili ya hilo, mpaka Ijumaa tulipokwenda wote wawili kwa Nassoro. Nilimweka Shabani mbele ya kaunta nikampima upya, chini, juu ya nyusi. Sentimita hamsini na tisa na nusu. Nassoro alinitazama. "Mama wa vichwa," alisema.

"Nyamaza, braza. Toa L."

Alikuwa nayo moja tu, ya kijivu, mbaya kuliko ile ya mstari mwekundu, na kioo chake kilikuwa na mkwaruzo. Nikamvisha mwenyewe. Nikamwambia afungue mdomo, afunge mdomo. Nikamshika kidevu nikamtikisa. Nikapenyeza kidole kwenye shavu, hakikupita, nikapenyeza kwenye paji la uso, kikapita kwa shida. Nassoro akataka kunisaidia, nikamzuia mkono. "Inakubana wapi?" nikamuuliza Shabani.

"Mashavuni tu."

"Huko ndiko kunakotakiwa. Na pajini?"

Alitikisa kichwa mara mbili, helmeti ikamfuata. "Pajini kumenyamaza," alisema.

Nassoro alikubali kubadilishana kwa sharti kwamba nimshonee na yeye kofia, ishirini na tatu. Tulikula mihogo ya kukaanga na pilipili pale pale kibandani, Shabani amenyanyua kidevu cha helmeti anakula hajaivua, nikamwambia kuanzia Jumatatu ampakie Veronika. Aliendelea kutafuna. "Una uhakika?" Nikasema nina uhakika. Sikuwa nao.

Jumatatu nilijifanya naenda kununua uzi Kipawa. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya meza ya mama muuza vitumbua. Veronika alikuja na kitenge chake na mkoba. Shabani akazima pikipiki, akageuka mzima mzima, akabonyeza kitufe, kidevu cha kijivu kikapanda. Akamwambia jambo. Lilikuwa refu, labda sentensi nne. Veronika alitikisa kichwa, akauliza kitu, Shabani akajibu, wakacheka wote wawili. Nilimkazia macho midomo. Nilimjua mtu yule kuliko mtu yeyote duniani, nikakaza macho mpaka yakatoka machozi, na sikupata hata neno moja. Kidevu kikashuka, wakaondoka. Mama wa vitumbua akaniuliza nataka vingapi. Nilinunua vitatu, nikavila vyote nimesimama.

Mchana alirudi. Alama ilikuwa imeanza kufifia, pembeni imekuwa kahawia. Nilikuwa nimepika maharage ya nazi na wali. Alikula amekaa kwenye kochi, Salma kati ya miguu yake, na katikati ya kula akainuka kwenda kuchukua maji, akasema kitu akiwa amenipa mgongo, kinywa kimejaa. Siku nyingine yoyote ningeitikia "ee" na yangepita.

"Geuka," nilimwambia.

"Nini?"

"Nimesema geuka. Usiniambie kitu huku umenipa mgongo."

Alijaza kikombe maji. Kisha akageuka, mwili wote, akameza, akanitazama usoni.

"Nimesema chumvi imezidi," alisema.